Ujauzito ukipotea baada ya chanjo: taarifa yako huandikwaje na hupangwa kundi gani

Kama ulichanjwa ukiwa mjamzito na baadaye ujauzito ukapotea, pole sana. Huenda wapo waliokuambia ni mipango ya Mungu, wapo waliokuambia ni ile sindano, na pengine hakuna aliyekueleza kitakachoandikwa kuhusu wewe na mtoto wako iwapo taarifa itapelekwa kwenye mamlaka ya dawa. Makala hii inahusu jambo hilo. Imeandikwa kwa ajili yako, na kwa ajili ya mama mzazi, dada, wifi au mlezi anayekaa nawe kipindi hiki na ambaye mara nyingi ndiye anayebeba makaratasi.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama uko mjamzito sasa na unatokwa damu, una maumivu makali ya tumbo, homa kali, au mtoto ameacha kucheza tumboni, acha kusoma uende kituo cha afya. Fomu inaweza kusubiri.

Jina la tukio linategemea wiki

Nyumbani tunasema mimba imetoka, mimba imeharibika, au mtoto amezaliwa mfu, na kila mtu anaelewa. Katika taarifa za usalama wa chanjo maneno haya yana mipaka, na mpaka mkubwa kuliko yote ni umri wa ujauzito. Shida ni kwamba mpaka huo haufanani duniani kote. Marekani, ujauzito ukipotea kabla ya wiki 20 unahesabiwa kuwa mimba iliyoharibika. Kuanzia wiki 20 unahesabiwa kuwa mtoto aliyezaliwa mfu. Uingereza mpaka ni wiki 24, na umekuwa hivyo kisheria tangu 1992. Shirika la Afya Duniani, linapolinganisha nchi na nchi, huanza kuhesabu watoto waliozaliwa wafu kuanzia wiki 28, na huo ndio mpaka uliozoeleka pia katika hospitali za Tanzania na Kenya.

Sasa mfikirie mama aliyempoteza mtoto wiki ya 25. Akiwa Dar es Salaam au Mombasa, faili lake litasema mimba imeharibika. Akiwa London, litasema mtoto amezaliwa mfu, na mtoto ataandikishwa serikalini. Mama ni yule yule na uchungu ni ule ule, ila safu ya jedwali ni nyingine. Kwa hiyo ukiona mtu amesambaza jedwali kwenye simu linalodai kwamba nchi fulani ina watoto wafu wengi baada ya chanjo kuliko nchi nyingine, cha kwanza kuuliza ni hiki: walianza kuhesabu wiki ya ngapi?

Ndani ya mipaka hiyo kuna makundi mengine. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huwekwa peke yake, na kwa sababu nzuri: mimba hujipachika huko katika siku za mwanzo kabisa, kwa hiyo chanjo uliyopewa wiki ya 7 haikuwepo jambo hilo lilipotokea. Mimba zabibu nayo ina kundi lake. Ipo mimba iliyoacha kukua lakini haijatoka, ambayo mama huijua tu anapopimwa. Ipo pia hali ya damu kutoka huku mimba bado ikiwa hai, yaani mimba inayotishia kutoka. Hii ya mwisho si kupoteza ujauzito hata kidogo, kwani wengi huendelea hadi kujifungua salama, lakini asiyejua hutazama orodha na kuijumlisha pamoja na vifo. Mtoto aliyezaliwa akiwa hai, hata kama alivuta pumzi dakika chache tu, haingii katika makundi haya. Akifariki kabla ya kufikisha siku 28 huitwa kifo cha mtoto mchanga.

Kwa mtoto aliyezaliwa mfu huulizwa swali moja zaidi: alifariki kabla uchungu haujaanza, au wakati wa uchungu? Duniani watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu kila mwaka wakiwa na wiki 28 au zaidi, na zaidi ya 40 kati ya kila 100 hufariki uchungu ukiwa umeshaanza. Wengi wa hao wangeweza kuokolewa kwa uangalizi wa karibu au upasuaji wa haraka. Ukimchanganya mtoto aliyefariki kwa sababu mama alichelewa kufikishwa chumba cha upasuaji na mtoto aliyefariki tumboni wiki mbili kabla ya uchungu, unaweza kuilaumu chanjo isiyohusika na kuusamehe uzembe unaohusika. Hili halisemwi vya kutosha.

Ili watafiti wa nchi mbalimbali wasiendelee kuzungumza lugha tofauti, mradi uitwao GAIA, ulioratibiwa na Brighton Collaboration, ulianza 2014 kutunga maana za pamoja za matukio ya ujauzito na ya watoto wachanga. Maana ya mtoto kuzaliwa mfu ilichapishwa 2016. Ya mimba kuharibika na ya mimba nje ya kizazi zikafuata 2017. Katika maana hizo kila tukio hupewa kiwango cha uhakika. Kiwango cha juu huhitaji ushahidi wa kitabibu, kwa mfano picha ya ultrasaundi inayoonyesha kwamba moyo wa mtoto haupigi. Pale ambapo kuna maelezo ya mdomo tu, kiwango hushuka. Kushuka huko hakumaanishi kwamba mama anadanganya. Kunamwambia anayesoma kiasi cha ushahidi kilichopatikana, basi, na ulipangwa hivyo makusudi ili mama wa kijijini asiye na ultrasaundi naye aweze kuhesabiwa.

Wiki zenyewe zinajulikanaje

Mpaka ukiwa ni wiki, basi kosa la wiki 3 linaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine. Linaweza pia kuonyesha kwamba chanjo ilitolewa kabla ya tatizo wakati ilitolewa baada yake. Mtoto anaweza kuacha kukua wiki ya 8 na mimba ikatoka wiki ya 11. Kama ulichanjwa wiki ya 10, tarehe ya damu itaonyesha kwamba chanjo ilitangulia, na ultrasaundi itaonyesha kwamba haikutangulia.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza. Tarehe ya hedhi ya mwisho husaidia sana ikiwa unaikumbuka kwa uhakika na mzunguko wako haubadilikibadiliki. Kupima kimo cha tumbo kwa mikono au kwa utepe huja mwisho. Akina mama wengi huanza kliniki mwezi wa tano au wa sita, na hapo hakuna tena ultrasaundi ya mapema ya kurejea. Hii ni sababu mojawapo, isiyo na uhusiano na chanjo peke yake, ya kuandika tarehe ya hedhi yako mahali unapoweza kuipata.

Kwa nini kwenye fomu huoni neno "kifo"

Hapa ndipo akina mama wengi huumia, na ndipo uvumi mwingi huanzia.

Marekani ina mfumo uitwao VAERS, ulioanzishwa 1990, ambao hupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote: daktari, muuguzi, mama mwenyewe, jirani. Kwenye fomu kuna visanduku vya kuonyesha matokeo: mgonjwa alilazwa, maisha yake yalikuwa hatarini, alipata ulemavu wa kudumu, alifariki, mtoto alizaliwa na kasoro ya maumbile, na vinginevyo. Kisanduku cha kupoteza ujauzito hakimo. Kile cha kifo kinamhusu aliyechanjwa, yaani mama. Fomu huuliza kama aliyechanjwa alikuwa mjamzito, na kumtaka anayejaza aeleze kilichotokea pamoja na tarehe ya matarajio ya kujifungua.

Kwa hiyo mtoto wako haonekani kwenye idadi ya vifo. Je, amefichwa? Hapana. Maelezo yaliyoandikwa kwenye fomu husomwa na kugeuzwa kuwa misimbo kutoka kamusi ya kimataifa ya kitabibu iitwayo MedDRA, ambayo mamlaka za dawa za nchi nyingi huitumia. Humo kuna msimbo wa mimba kuharibika yenyewe, wa mimba iliyoacha kukua bila kutoka, wa kifo cha kijusi, wa mtoto kuzaliwa mfu, na mingine mingi. Wanaofuatilia usalama hutafuta kwa misimbo hiyo, si kwa kisanduku cha kifo. Maoni yangu ni kwamba fomu isiyo na mahali pa kuweka alama kwa jambo zito namna hii imetungwa na watu wasiomfikiria mama anayeijaza. Hata hivyo taarifa haipotei.

Misimbo hii ina mtego wake. Taarifa ya mama mmoja inaweza kubeba misimbo mitano: kutokwa damu wakati wa ujauzito, ultrasaundi isiyo ya kawaida, mimba kuharibika, kusafishwa kizazi, kuchanjwa wakati wa ujauzito. Asiyejua akijumlisha misimbo badala ya akina mama, msiba mmoja huwa mitano. Pia daktari na mama wanaweza kuripoti tukio lile lile kila mmoja kwa wakati wake, na nakala hizo zisipounganishwa huhesabiwa mara mbili.

Ulaya wana utaratibu unaoeleweka vizuri zaidi. Ujauzito ukipotea, hufunguliwa faili moja tu, la mama. Mtoto akizaliwa hai lakini akiwa na tatizo, hufunguliwa mafaili mawili, la mama na la mtoto, na kuunganishwa. Zaidi ya hayo, kila taarifa ya mimba kuharibika au kifo cha kijusi baada ya dawa au chanjo huwekwa katika daraja la matukio makubwa, hata kama mama hakulazwa hata usiku mmoja.

Kutoka "ilitokea baada ya" hadi "ilisababishwa na"

Taarifa ikishapokelewa, neno linalotumika ni tukio lililotokea baada ya chanjo. Neno "baada" limechaguliwa kwa makini, na halisemi "kwa sababu ya".

Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kutathmini taarifa moja moja, na nchi zetu huutumia. Wataalamu hukaa na faili na kuuliza: ugonjwa au tukio limethibitishwa? Kuna sababu nyingine, kwa mfano malaria, kaswende, shinikizo la damu, kisukari, ajali? Chanjo ilitolewa na kuhifadhiwa inavyotakiwa? Muda kati ya sindano na tukio unaingia akilini? Mwisho huamua mojawapo ya mambo manne: tukio linaendana na kusababishwa na chanjo, haliendani, ushahidi hautoshi kuamua upande wowote, au haliwezi kuainishwa kabisa kwa kuwa taarifa muhimu zinakosekana.

Kundi hili la nne ndilo la kusikitisha. Faili lililoandikwa "mama alichanjwa, mimba ikatoka" bila tarehe, bila wiki, bila jina la chanjo, litaishia humo. Halitamjibu mama, wala halitasaidia kugundua tatizo kama lipo.

Hata faili lililokamilika mara nyingi haliwezi kutoa jibu la uhakika kwa mama mmoja. Kati ya kila mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki 12, na karibu nusu ya zile za mapema hutokana na kromosomu za kijusi kutopangika sawasawa tangu mwanzo. Wakichanjwa wajawazito wengi mwanzoni mwa ujauzito, baadhi yao watapoteza mimba wiki hiyo hiyo hata kama bomba la sindano lilikuwa na maji matupu. Njia pekee ya kujua kama chanjo imeongeza kitu ni kulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, wiki kwa wiki, kwa sababu hatari ya wiki ya 6 ni kubwa kuliko ya wiki ya 14.

Ile asilimia 82

Huenda iliwahi kukufikia kwenye simu: kwamba wajawazito 82 kati ya 100 waliochanjwa dhidi ya UVIKO-19 walipoteza mimba. Ilitoka wapi?

Aprili 2021 watafiti wa Marekani walichapisha ripoti ya awali kuhusu wajawazito waliochanjwa kati ya Desemba 2020 na mwisho wa Februari 2021. Miongoni mwa waliojiandikisha, 827 walikuwa ujauzito wao umeshamalizika. Mimba 104 zilikuwa zimeharibika kabla ya wiki 20. Kati ya hao 827, akina mama 700 walichanjwa miezi mitatu ya mwisho. Watu wakasema: hao 700 hawawezi kupata mimba kuharibika kwa kuwa walishapita wiki 20, basi waondoe. Wanabaki 127. Gawanya 104 kwa 127, unapata asilimia 82.

Kuwaondoa wale 700 kulikuwa sahihi. Kosa liko kwa waliosahauliwa. Mwanamke aliyechanjwa Januari akiwa na wiki 8 hawezi kuwa amejifungua mtoto hai kufikia mwisho wa Februari. Kama mimba yake ilikuwa salama, alikuwa bado anayo tumboni, na kwa hiyo hakuwa katika wale 827. Ujauzito wa mapema uliokuwa umeweza "kumalizika" kwa muda huo mfupi ni ule ulioharibika. Waliochanjwa karibu na kushika mimba au katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa 1,224, na 905 kati yao walikuwa bado hawajafuatiliwa hadi wiki 20. Jarida lenyewe likafanya masahihisho na kueleza kwamba kwa wakati huo hakukuwa na idadi inayofaa ya kugawanyia.

Jibu lilikuja miezi michache baadaye, baada ya kuwafuatilia akina mama 2,456 waliochanjwa kabla ya wiki 20: karibu 14 kati ya 100 walipoteza mimba kati ya wiki ya 6 na ya 20, na baada ya kuzingatia umri wao, karibu 13. Hicho ni kiwango cha kawaida. Utafiti mwingine wa Marekani uliohusisha mimba zaidi ya 105,000, na mwingine wa Norway, ulilinganisha waliopoteza mimba na walioendelea nazo, ukakuta waliopoteza hawakuwa wamechanjwa zaidi ya wenzao katika wiki zilizotangulia.

Mfumo ukiona dalili

Ungekuwa na haki ya kuuliza kama kuna siku majibu yaliwahi kuwa "ndiyo, kuna kitu". Ipo.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya misimu miwili ya mafua, 2010 hadi 2012. Waliona uhusiano kati ya chanjo ya mafua na mimba kuharibika ndani ya siku 28, hasa kwa wanawake waliokuwa wamechanjwa pia msimu uliotangulia. Hawakuyaficha. Walirudia kwa misimu mitatu iliyofuata, wakiwa na wanawake wengi zaidi, na 2019 wakaripoti kwamba uhusiano ule haukuonekana tena.

Mfano wa pili hauhusu mimba kuharibika bali kuzaliwa kabla ya wakati. Februari 2022 kampuni ya GSK ilisimamisha majaribio ya chanjo yake ya virusi vya RSV kwa wajawazito. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa 6.8 kati ya 100 kwa waliochanjwa, dhidi ya 4.9 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Chanjo hiyo haikuendelea kutolewa kwa wajawazito. Tofauti ya watoto wawili kwa kila mia ilionekana kwa sababu kila mtoto alikuwa na tarehe na wiki zilizoandikwa.

Ukitaka kutoa taarifa

Huhitaji kuwa na uhakika kwamba chanjo ndiyo chanzo, wala huhitaji ruhusa ya daktari. Tanzania taarifa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Zote mbili hupokea kutoka kwa wananchi. Ukiwa Uingereza, utaratibu ni ule wa Kadi ya Njano, ulioanza 1964 baada ya maafa ya dawa ya thalidomide. Njia rahisi kwa wengi ni kurudi kliniki ulikochanjwa na kumwambia muuguzi: "Nataka hili liandikwe kama tukio baada ya chanjo." Akikuambia ni kawaida tu, unaweza kumjibu kwa heshima kwamba inawezekana, na bado unataka liandikwe.

Nenda na kadi yako ya kliniki au kijitabu cha mama na mtoto. Kinachotakiwa zaidi ni jina la chanjo na tarehe (namba ya toleo ikiwa imeandikwa, kwa kuwa ndiyo inayowezesha kugundua shehena mbovu), tarehe ya hedhi ya mwisho, majibu ya ultrasaundi yoyote uliyofanyiwa, siku dalili zilipoanza, na siku ujauzito ulipotea. Taja dawa ulizokuwa unatumia, zikiwemo za mitishamba. Hakuna atakayekugombeza, na kama atakugombeza taja vilevile. Taja mimba zilizotangulia, pamoja na zilizoharibika. Kama walikuwa mapacha, sema, kwa sababu faili la mama mmoja linaweza kuwa na watoto wawili na mtu asijue.

Mlezi anaweza kueleza kwa niaba ya mama aliyelazwa au asiyeweza kuzungumzia jambo hili bado. Kama alitoa mimba, kwa sababu ya kitabibu au nyingine, hilo nalo lina kundi lake, na likiandikwa kama mimba iliyoharibika yenyewe litapotosha hesabu. Mwombe mhudumu faragha kabla ya kulisema.

Mwisho omba namba ya taarifa na uiandike kwenye kadi. Majibu ya kipimo cha kondo la nyuma au cha damu yanaweza kuja wiki kadhaa baadaye, na kwa namba hiyo yataongezwa kwenye faili lile lile bila kufungua jipya.